Mizinga Imebaki Mitupu: Nyuki Wetu Wameenda Wapi?



Kila tunapofanya mkutano upande wa Mutomo, Ikutha au Mutha, kuna swali ambalo halikosi. Mtu anainuka, mara nyingi ni mama, anasema: "Mizinga tunayo, lakini nyuki hatuna. Sasa tufanye nini?" Na wengine wote wanaitikia kwa kichwa.

Mwezi wa Septemba 2022 tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mutomo mjini. Walikuwa na mizinga 20 waliyoinunua kwa pesa za merry-go-round na mkopo kidogo. Tulizunguka nao kutoka mti hadi mti. Mizinga mitatu tu ndiyo ilikuwa na nyuki. Mwekahazina alitufungulia daftari akatuonyesha asali waliyouza mwaka wa 2019 na mapema 2020, tena ilikuwa imelipa karo ya watoto kadhaa wa sekondari. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Mkopo nao bado ulikuwa haujaisha. Huyo mama hakutuuliza swali lolote, alifunga tu daftari.

Basi katika toleo hili tumeonelea tueleze jambo hili kwa urefu. Hatutasema mengi juu ya kuuza asali, kwa sababu hiyo ni hadithi ya baadaye. Kwanza nyuki warudi, na wakirudi wakae.

Nyuki wa kwetu hana tabia ya nyuki wa Ulaya

Kule Ulaya kuna baridi kali miezi mingi. Nyuki wa huko huweka asali nyingi, wakajikusanya ndani ya mzinga na kungoja baridi iishe. Nyuki wetu hakufundishwa hivyo. Kwa maelfu ya miaka ameishi katika nchi ambayo mvua inanyesha hapa na kukosa pale, na amejifunza kuhama. Maua yakiisha na maji yakikauka, mzinga mzima unaondoka, malkia na watu wake wote, unaenda kutafuta mahali palipo na maua. Hata kama kulikuwa na asali kidogo wataila kwanza, halafu waruke.

Kwa hivyo mzinga mtupu haumaanishi kila mara kwamba nyuki wamekufa. Wakati mwingine wamehama tu kama mchungaji anavyohamisha ng'ombe. Lakini mchungaji hurudi nyumbani mvua ikinyesha. Nyuki atarudi ikiwa bado kuna kitu cha kumrudisha, na hapo ndipo shida yetu ilipo.

Kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022 tulikosa mvua misimu mitano mfululizo. Hata wazee hawakukumbuka jambo kama hilo. Mito ya mchanga ilichimbwa visima virefu mpaka ngazi zikatumika. Wengi wenu mtakumbuka jinsi nyuki walivyojaa kwenye mitungi na mifereji ya maji, wakiwauma punda na watoto. Watu waliwaona kuwa adui, na mahali pengine waliwamwagia maji ya sabuni au kuwachoma kwa moto. Jameni, wale walikuwa na kiu kama sisi tu. Nyuki anahitaji maji ili kupoza mzinga na kulainisha chakula cha watoto. Ndani ya mzinga, mahali watoto walipo, joto linatakiwa kuwa karibu digrii 35, na jua la Mutomo likizidi, vibarua huleta maji, hutandaza matone na kupiga mabawa ili pawe baridi.

Tunapendekeza hivi: kikundi kiweke maji ya nyuki mbali kidogo na kisima cha watu. Karai kuukuu au kibuyu kilichopasuliwa kinatosha. Tia mawe na vijiti ndani ili wasizame, na uweke mapema kabla ya kiangazi kukaza, maana nyuki wakishazoea mahali pa kunywa ni vigumu kuwahamisha.

Kusoma mzinga mtupu

Wengi wetu tukikuta mzinga mtupu tunafunga na kuondoka. Hilo ni kosa. Mzinga mtupu unasema mambo mengi ukiuangalia vizuri.

Ukikuta masega ni masafi, hayana asali wala watoto, na hakuna nyuki waliokufa chini, hao wamehama kwa njaa au kiu. Ukikuta nyuzi kama za buibui zimefunga masega na funza weupe wanatembea ndani, huyo ni nondo wa nta. Lakini msiwahi kumlaumu nondo peke yake. Nyuki wakiwa wengi na wenye nguvu humfukuza, kwa hivyo nondo akishinda ujue nyuki walikuwa wamepungua tayari, au walikuwa wameondoka. Toa masega hayo, yachemshe upate nta, na usafishe mzinga kabla ya kuutundika tena. Ukiuacha hivyo hivyo, hakuna kundi la nyuki litakaloingia.

Ukikuta vichwa na mabawa tu yamebaki, siafu walipita. Mzinga ukiwa chini umevunjika na masega yametapakaa, huyo ni nyegere, na yeye mnamfahamu. Mzinga unaotundikwa kwa waya kati ya miti miwili, na waya ukapakwa grisi au oili chafu ya gari, huwazuia siafu. Grisi hiyo ipakwe tena kila inapokauka au kujaa vumbi, na majani yanayogusa mzinga yakatwe, maana siafu wakipata jani moja tu la kuvukia, hiyo ni barabara.

Dalili ya mwisho ndiyo inayotusumbua zaidi. Ukifika asubuhi ukakuta rundo la nyuki waliokufa mbele ya mlango wa mzinga, wengine wakitetemeka chini na ulimi umetoka nje, hao hawakuhama. Walikula sumu. Na hapo usiende mbali kuuliza, angalia mashamba yaliyo karibu yenye maua.

Ndengu, mbaazi na pampu ya mgongoni

Tunajua hapa tunagusa mahali penye kidonda. Ndengu ndiyo pesa ya watu wa Kitui, na tangu serikali ya kaunti ilipoanza kuhimiza ndengu kwa nguvu, mashamba yameongezeka. Pamoja nayo pampu za dawa zimeongezeka pia. Funza wa maganda anashambulia ndengu, kunde na mbaazi wakati wa maua, kwa hivyo mkulima anapiga dawa wakati huo huo nyuki amejaa juu ya ua. Anapiga saa nne asubuhi kwa sababu ndipo kibarua wa kunyunyiza alipofika. Nyuki wa jirani wanakufa, na jirani hajui ni kwa nini.

Tena mara nyingi jirani huyo ni mwanachama mwenzake. Katika kikundi kimoja tuligundua kwamba shamba la ndengu lililomaliza nyuki lilikuwa la mmoja wa viongozi wa kikundi hicho hicho. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nyuki huruka mchana. Jua linapochomoza wanatoka, na giza likiingia wote wako nyumbani. Dawa ikipigwa jioni baada ya saa kumi na mbili, itakuwa imekauka kiasi kabla hawajatoka tena. Hiyo haiondoi hatari yote, kwa maana kuna dawa zinazokaa siku nyingi ndani ya mmea hadi zikaingia kwenye maua. Umoja wa Ulaya ulikataza mwaka wa 2018 aina tatu za dawa kama hizo zisitumike tena nje mashambani, kwa ajili ya nyuki. Mwulize muuza dawa waziwazi: hii inakaa siku ngapi, na inaua nyuki? Asomewe karatasi ya chupa. Asipoweza kujibu, basi na yeye hajui anachouza.

Epukeni kabisa dawa ya unga wakati wa maua. Nyuki huikusanya kwenye miguu yake akidhani ni unga wa maua, anaipeleka nyumbani, na watoto wanalishwa sumu. Na kabla ya kupiga dawa yoyote, mwenye shamba apeleke habari kwa wenye mizinga siku moja mbele, ili usiku huo wafunge milango kwa nyasi zinazopitisha hewa, na kufungua tena kesho yake jioni. Hii ni kazi, tunajua. Lakini ni kazi ndogo kuliko kutafuta kundi jipya la nyuki.

Mkulima anayesema "nyuki si wangu, shauri yao" aangalie tikiti maji zake. Tikiti maji lina ua la kiume na ua la kike, yako mbali mbali, na kila ua hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo. Lazima mdudu abebe unga kutoka moja hadi lingine, tena mara nyingi kwa ua moja. Nyuki wakikosa, matunda yanaanguka yakiwa madogo au yanakuwa yamepinda, na mnunuzi anayakataa. Maboga ni hivyo hivyo. Mbaazi inaweza kuzaa yenyewe, ila ikitembelewa na nyuki inazaa vizuri zaidi. Basi huyo mwenye "shauri yao" ananufaika na mzinga wa jirani bila kulipa hata senti.

Miti ndiyo shamba la nyuki

Zamani mtu wa Ukambani mwenye myatu mingi alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Asali ilipelekwa kwa wakwe, ilitengenezwa kaluvu ya wazee, na ilikuwa dawa ya kifua. Kila mwatu ulichorwa alama ya ukoo, na kuiba kwenye mwatu wa mwingine lilikuwa jambo zito sana. Wazee hao hawakuwa na kozi ya ufugaji nyuki. Walichokuwa nacho ni kichaka.

Nyuki wa Mutomo anaishi kwa miti ya miiba zaidi kuliko kwa kitu kingine. Muthiia huchanua ukiwa bado mkavu, kabla mvua ya Oktoba haijafika, na hiyo ndiyo ishara inayoita nyuki warudi. Kisha kuna king'olola, mulaa, muuku, mkwaju na mingine mingi inayopokezana. Kibarua mmoja maisha yake yote, wiki sita hivi wakati wa kazi, huleta asali isiyojaza hata kijiko kimoja cha chai. Kupata chupa moja ni maelfu ya nyuki na maua yasiyohesabika. Nyuki anaweza kuruka kilomita tatu kutafuta maua, lakini akienda mbali anakula njiani kile alichobeba.

Sasa mtuambie wenyewe, ni miti gani inayotoa makaa mazuri? Ni hiyo hiyo. Mulaa, muthiia, king'olola. Mwezi wa Januari 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya Kitui, na kulikuwa na kelele nyingi. Lakini mtu ambaye ndengu zimekauka na mbuzi wamekufa hangoji ruhusa ya mtu. Anawasha tanuri. Hatuwezi kumhukumu wakati watoto wake wanalala njaa, na hatutaki kuandika hapa kana kwamba hatujui. Tunachosema ni kwamba gunia la makaa huuzwa mara moja, na mti uliokatwa ulikuwa unalisha mizinga ya kijiji kizima kila mwaka. Anayekata ni mmoja, wanaopoteza ni wengi, na hawakuulizwa.

Kuna vikundi ambavyo vimekubaliana na wenye ardhi kwamba eneo la karibu na mizinga halikatwi mti wa maua, na badala yake mwenye ardhi anapewa sehemu ya asali. Jambo hili linafaa liandikwe mbele ya wazee wa kijiji. Makubaliano ya mdomo huisha kiangazi kikianza. Pale ambapo ni lazima kukata, punguzeni matawi, au mkate mti kama muuku kwa msumeno ukiacha kisiki, na mzungushie miiba ili mbuzi wasile machipukizi. Mukau nao upandwe. Ndio mti ambao wazee walichonga myatu kwake, mbao yake haili mchwa kirahisi, na unakua haraka hata kwa ukavu wetu. Shida yake ni mbegu, maana kokwa ni ngumu na ni lazima ipasuliwe kwa ufundi bila kuumiza mbegu. Kituo cha utafiti wa misitu, KEFRI, kilichoko Kitui kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mukau, na hapo mnaweza kuuliza miche.

Mzinga wa kisasa si dawa ya kila kitu

Hapa inatubidi tukiri kosa letu. Miaka iliyopita tulisaidia vikundi kadhaa kupata mizinga ya vibao vya juu, ule aina ulioanzishwa Kenya miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakanada. Ni mzinga mzuri. Kila kibao kina upana wa milimita 32, sawa na nafasi nyuki wetu anayopenda kati ya sega na sega, kwa hivyo unaweza kuinua sega moja moja, ukaona lenye asali na ukaacha lenye watoto. Hata akina mama, ambao kwa desturi hawakupanda juu ya miti kuvuna, waliweza kufanya kazi hiyo wakiwa wamesimama chini.

Tulichokosea ni kwamba tuliitundika mahali palipo wazi ili ipigwe picha vizuri, na mabati yake yakapigwa na jua mchana kutwa. Nta ililainika, masega yakaanguka, nyuki wakaondoka. Mzee mmoja alituangalia tu akasema nyuki si mahindi ya kuanikwa. Mwatu wake wa mukau ulikuwa hatua chache kutoka pale, ndani ya kivuli, umejaa. Mbao ya gogo ni nene na inazuia joto. Tangu siku hiyo hatumwambii mtu atupe mwatu wake.

Basi wekeni mzinga kwenye kivuli, mbali na nyumba, njia na zizi, mkapake nta kidogo ndani ya vibao kuwavuta nyuki, na muutundike kabla ya muthiia kuchanua. Ukitundika baada ya mvua, nyuki wanaohama wameshapita.

Kuvuna nako ni shida. Mwenge wa nyasi unaowaka huua mamia ya nyuki kwa usiku mmoja, wakati mwingine na malkia, na ndio unaowasha moto wa kichaka. Tumia moshi, si moto. Kopo lenye matundu na samadi kavu ya ng'ombe linatosha kama hakuna pesa ya kununua mashine ya moshi. Kata masega yaliyofunikwa nta nyeupe tu, ya pembeni. Yenye watoto yaache, na uwaachie asali ya kula. Anayekamua kila kitu mwezi wa Juni asishangae mwezi wa Agosti.

Na ugonjwa?

Wengine wamesikia redioni kwamba nyuki wanakufa dunia nzima kwa ugonjwa. Ni kweli kwamba kule Marekani, kuanzia mwaka wa 2006, wafugaji walikuta mizinga mingi imeachwa bila nyuki. Kuna utitiri mdogo mwekundu aitwaye varoa anayefyonza nyuki, na hapa Kenya aligunduliwa mwaka wa 2009. Dkt. Elliud Muli, wa chuo kikuu chetu cha SEKU hapa Kitui, na wenzake walipima mizinga katika sehemu 24 za Kenya, wakatoa matokeo mwaka wa 2014. Varoa walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini kabisa, lakini hawakuona kwamba anawamaliza nyuki wetu kama anavyofanya ng'ambo. Nyuki wetu ni wagumu. Kwa hivyo akija mtu kukuuzia dawa ya kutia ndani ya mzinga, usinunue. Utaharibu asali na hutapata faida.

Turudi kwa kile kikundi cha daftari. Mvua ilipata kunyesha mwisho wa 2023, tena kwa wingi kuliko tulivyotaka. Walikuwa wameshasafisha mizinga yote na kuipeleka kivulini karibu na korongo. Tulipowatembelea mwezi wa Machi 2024, mizinga kumi na mmoja ilikuwa na nyuki. Kwenye katiba yao wameongeza kifungu: mwanachama anayepiga dawa mchana wakati wa maua analipa faini ya mzinga mmoja. Kifungu kilipita kwa kura mbili tu, na wale waliokataa walisema faini ni kubwa mno na ndengu ndiyo inayowalisha. Mpaka tunaondoka walikuwa bado wanabishana. Mwekahazina alikuwa amekaa pembeni na daftari lake, akitengeneza safu mpya kwa rula.